Masimulizi ya Jiji Yanazikwa Tukiyatazama

Mji unapotajwa katika vitabu vya historia tunavyowasomesha watoto wetu, aghalabu hutajwa kwa reli iliyouzaa, kwa gavana aliyeutawala, kwa kiwanda kilichofunguliwa na kwa mheshimiwa aliyekata utepe siku hiyo. Nairobi ni mfano ulio wazi. Kila mwanafunzi anajua kwamba reli ilifika hapo mwaka 1899. Lakini mwulize mwanafunzi huyo huyo watu wa Pumwani, Kaloleni, Mathare au River Road waliimba nini, walitaniana kwa lugha gani, na walimcheka mtawala kwa maneno gani milango ilipokuwa imefungwa, naye atakukodolea macho. Tusimlaumu. Hakufundishwa, na aliyestahili kumfundisha naye hakufundishwa.

Sehemu hiyo ya historia naiita utamaduni pinzani wa jiji. Nakusudia yale mambo ambayo wananchi wa kawaida waliyabuni bila idhini ya wakubwa, na mara nyingi kinyume cha matakwa yao: michezo ya kuigiza iliyopigwa marufuku, nyimbo za kanda zilizouzwa kwa kificho, picha na maandishi ya ubavuni mwa matatu, majina ya kupanga waliyopewa mabwana wa viwanda, na misimu ya vijana ambayo mwalimu aliichapia viboko. Mimi ni mwanaisimu, na kazi yangu ya kila siku ni maneno. Kwa hivyo nathubutu kusema kwamba historia hiyo ingalipo, imo vinywani mwa watu tunaoishi nao, na ni wajibu wetu kuikusanya sasa hivi. Tena ikusanywe kwa maneno yao wenyewe, kwa sababu hapa neno lenyewe ndilo hati.

Ninaishi Ngoingwa, mtaa wa makazi ulio nje kidogo ya mji wa Thika. Huko ng'ambo, Thika inajulikana kwa kitabu The Flame Trees of Thika alichokitoa Elspeth Huxley mwaka 1959, akieleza utoto wake katika shamba la wazazi wake walowezi. Mwaka 1981 kitabu hicho kilifanywa mchezo wa televisheni uliotazamwa na wengi. Sina ugomvi na mwandishi yule, kwani aliandika aliyoyaona kutoka baraza ya nyumba yao. Hata hivyo, mji wa Thika ni mji wa viwanda vile vile: mji wa nguo, wa mananasi ya makopo, wa mafuta ya kupikia na wa kuunganisha malori. Wale waliotoka zamu ya usiku wakitembea kwa miguu hadi Makongeni, Majengo au Kiandutu nao waliuona mji huo huo, na waliuona kutoka mahali pengine. Wanajua Jumamosi jioni watu walicheza dansi wapi, msimamizi mkali aliitwa nani akiwa amegeuza kisogo, na habari za mgomo zilipitishwa vipi bila barua. Wengi wao sasa ni wastaafu tunaokutana nao sokoni, kanisani na katika foleni ya zahanati. Twawaamkia, twawapisha, kisha twaenda zetu maktabani kuutafuta mji wetu katika kitabu cha mtoto wa mlowezi.

Huenda msomaji akauliza: je, mambo hayo ya mitaani yana uzito gani hata yaitwe historia? Namjibu kwa mfano wa Kamirithu, kijiji kilicho karibu na Limuru, kisicho mbali na Nairobi. Mnamo Oktoba 1977 wanakijiji wa hapo, wengi wao wakulima wadogo, vibarua wa mashamba ya majani chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu, walianza kuonyesha mchezo wa Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa na Ngugi wa Thiong'o pamoja na Ngugi wa Mirii. Jukwaa lilikuwa la wazi, likiweza kuketisha watu zaidi ya 2,000, na wanakijiji walilijenga kwa mikono yao. Tarehe 16 Novemba mwaka huo leseni ya mchezo ilifutwa. Tarehe 31 Desemba Ngugi wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa hadi Desemba 1978. Wanakijiji hawakukoma. Walijaribu tena mwaka 1982 kwa mchezo wa nyimbo, wakazuiwa, na mwezi Machi mwaka huo polisi wakaja kwa malori, wakalibomoa jukwaa lile.

Kisa hiki tunakijua vizuri kwa sababu mmoja wa waliohusika alikuwa mwandishi mkubwa, aliyekieleza katika vitabu vyake hadi ulimwengu mzima ukakisikia. Mwenyewe alikiri kwamba wafanyakazi walimsahihisha katika mambo ya mishahara na maisha ya kiwandani ambayo hangeyajua bila wao. Ngugi wa Thiong'o alifariki mwezi Mei 2025 huko Marekani. Mwenzake, Ngugi wa Mirii, alikuwa amemtangulia mwaka 2008 huko Zimbabwe. Je, yule aliyepigilia misumari ya jukwaa? Yule mama aliyefundisha wimbo wa arusi, akijua ubeti wa kale ambao vijana walikuwa wameusahau? Yule kijana aliyesimama njiani akitazama kama polisi wanakuja? Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1977 leo anakaribia miaka 70. Mchezo wenyewe ulirudi jukwaani Nairobi mwezi Mei 2022, na watazamaji wakafurahi. Mchezo unaweza kurudi kwa kuwa umechapishwa. Kumbukumbu ya fundi wa jukwaa ikipotea, hairudi.

Sasa tuzungumzie majalada. Tunayo Hifadhi ya Nyaraka za Taifa katikati ya jiji la Nairobi, iliyoanzishwa kisheria mwaka 1965, nami huwahimiza wanafunzi wangu waende huko. Lakini mtafiti hana budi kukumbuka jalada liliandikwa na nani na kwa haja gani. Karani wa serikali alimwandika mwananchi wa mjini alipolipa kodi, alipokosa kipande, alipokamatwa au alipofukuzwa. Siku nyingine zote mwananchi huyo aliishi nje ya karatasi. Anayetegemea majalada peke yake atadhani kwamba jiji lilijaa wahalifu na walipa kodi tu.

Mfano mmoja utatosha, japo unahitaji ukomavu kidogo kwa msomaji. Serikali ya kikoloni iliwajumuisha wanawake wengi wa Nairobi, waliojitegemea katika mitaa kama Pangani ya zamani na Pumwani, chini ya jina moja la dharau: makahaba. Katika miaka ya 1970 mwanahistoria wa Marekani, Luise White, aliketi na bibi waliokuwa wameishi maisha hayo, akawasikiliza, na mwaka 1990 akachapisha kitabu. Kumbe bibi wale walikuwa na msamiati wa kina, nao ulikuwa wa Kiswahili. Walitofautisha watembezi, waliotafuta wateja barabarani. Malaya, waliomngoja mwanamume chumbani mwao na kumpa chai, chakula na maji ya kuoga kama aliye nyumbani kwake. Na wazi-wazi, walioketi nje ya milango. Kila jina lilikuwa na desturi zake, hesabu yake ya fedha na heshima yake. Tena ikadhihirika kwamba wengi wa wanawake hao walijenga au kununua nyumba kwa fedha zao, wakawa wenye nyumba katika jiji ambalo sheria iliwatazama kama wapita njia. Karani aliandika neno moja. Bibi walikuwa na matatu. Katika tofauti hiyo ya neno moja na matatu imefichika sura nzima ya historia ya uchumi wa Nairobi, na hakuna jalada ambalo lingeifichua bila wao kusema.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya enzi za ukoloni peke yake. Walimu walio na umri wa kutosha wanaikumbuka noti ya shilingi 500 iliyoitwa jirongo. Mwanafunzi wa leo akilisikia neno hilo atadhani ni msimu tu wa kuchekesha. Lakini lilitokana na jina la Cyrus Jirongo, kiongozi wa kundi la vijana wa Kanu lililojulikana kama YK'92, ambalo lilivuma kwa kumwaga fedha katika kampeni za uchaguzi wa Desemba 1992. Mwanauchumi ataeleza kipindi kile kwa majedwali ya bei na thamani ya shilingi. Watu wa mitaani walikieleza kwa kuipa noti jina la mtu. Katika neno hilo moja mna kejeli, mna ushahidi, na mna hukumu ya umma. Tukimwuliza mzee aliyeuza mboga sokoni mwaka ule neno lile lilitamkwa vipi, na nani, na kwa kicheko gani, tutapata somo la siasa ambalo halimo katika kitabu chochote cha kiada.

Au tuchukue kanda za muziki. Mwezi Mei 1990 makao ya maskini ya Muoroto, jijini Nairobi, yalibomolewa kwa nguvu. Haukupita muda mrefu kabla ya nyimbo kuzuka, nyingi zikiwa za Kikuyu, zilizoomboleza ubomoaji huo na kugusia siasa za wakati ule. Zilinakiliwa kwenye kanda, zikauzwa vichochoroni na kuchezwa ndani ya matatu. Serikali ikaingiwa na wasiwasi. Wauzaji wa kanda walikamatwa, kanda zikatwaliwa, na madereva wakaonywa wasizicheze. Hayo yalitokea katika majira yale yale ya Saba Saba, yaani tarehe 7 Julai 1990, siku ambapo mkutano wa Kamukunji wa kudai vyama vingi ulizimwa kwa marungu na risasi. Wakati huo mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Saba Saba imeingia vitabuni, na wanasiasa wake wanajulikana kwa majina. Ni nani atakayetueleza kuhusu yule utingo aliyejua abiria yupi ni wa kuogopwa na kanda ipi ibadilishwe matatu ikikaribia kizuizi cha polisi? Utingo huyo yuko hai. Pengine ndiye mzee anayekuuzia ndizi katika kituo cha matatu cha Thika. Ukimwita mhuni, umeupoteza ushahidi. Ukimwuliza kwa adabu, umepata mwalimu.

Naam, najua pingamizi zitakazoletwa. Ya kwanza ni kwamba kumbukumbu ya binadamu haiaminiki. Mzee husahau, huongeza chumvi, hujipa ushujaa aliokuwa nao jirani. Ni kweli kabisa. Lakini karatasi nayo hudanganya, tena hudanganya kwa muhuri. Katika mwaka 2009 wazee kadhaa waliokuwa kizuizini wakati wa vita vya Mau Mau waliishtaki serikali ya Uingereza jijini London, wakisema waliteswa. Kabla ya hapo, wanahistoria waliotegemea masimulizi ya wazee kama hao walikuwa wamebezwa na baadhi ya wenzao kwamba wamesadiki porojo. Mwaka 2011 serikali ile ilikiri kwamba ilikuwa imehifadhi kwa siri, mahali paitwapo Hanslope Park, mafaili mengi yaliyohamishwa kutoka Kenya na makoloni mengine wakati wa uhuru. Mafaili yalipofunguliwa, yalionekana kuunga mkono mengi waliyoyasema wazee. Mwezi Juni 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake bungeni na kukubali kuwalipa waathiriwa 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Kwa takriban miaka 50 karatasi zilikuwa zimefichwa, na ukweli ulikuwa ukitembea vijijini kwa mkongojo.

Isitoshe, hata kosa la kumbukumbu lina mafunzo. Katika mji wa viwanda wa Terni, nchini Italia, mfanyakazi kijana wa kiwanda cha chuma, Luigi Trastulli, aliuawa na polisi mwaka 1949 katika maandamano ya kupinga nchi yake kujiunga na muungano wa kijeshi wa NATO. Miaka mingi baadaye mtafiti Alessandro Portelli aliwahoji watu wa mji huo, na wengi wakamwambia kwamba Trastulli aliuawa mwaka 1953, katika ghasia zilizofuata wafanyakazi kuachishwa kazi kwa maelfu. Tarehe walikosea, na karatasi zilithibitisha hivyo. Portelli hakuwatupa. Alijiuliza kwa nini mji mzima umekihamisha kifo kimoja kutoka mwaka mmoja hadi mwingine, akaona kwamba kwa watu wale pigo kubwa la maisha yao lilikuwa kupoteza kazi, na hapo ndipo kifo cha mwenzao kilipopata maana. Thika, Ruiru na Nairobi ni miji ya viwanda kama Terni. Wazee wetu wakikosea tarehe, tulinganishe na magazeti na majalada, tuandike tarehe iliyo sahihi, kisha tuulize kwa nini wamekosea hivyo na wala si vinginevyo.

Pingamizi la pili hutoka kwa walimu wenzangu wa Kiswahili, nami nalichukua kwa uzito kwa sababu linatokana na mapenzi ya lugha. Wanasema kwamba tukianza kunakili Sheng, misimu ya utingo na nyimbo za vilabuni, tutakuwa tunaibariki lugha mbovu na maadili mabovu. Mwaka 2003 wasomi wawili, Ireri Mbaabu na Kipande Nzunga, walitoa kamusi ya Sheng kupitia Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, na katika jina la kamusi yenyewe Sheng ilielezwa kuwa lugha ya ulimwengu wa gizani. Jina lile linaonyesha jinsi wengi walivyoitazama Sheng wakati huo. Lakini tazama walichokifanya: waliyanakili maneno. Maneno ya Sheng hubadilika upesi mno, kiasi kwamba kijana wa leo hawezi kuelewa mengi aliyoyasema baba yake akiwa shuleni. Bila kamusi kama hiyo, maneno ya kizazi kile yangekuwa yamekwisha kufutika. Kunakili si kubariki. Daktari huandika ugonjwa kama alivyouona, na hakuna anayemshtaki kwa kuupenda.

Wala nisieleweke kwamba kila kilichokuwa nje ya idhini ya wakubwa kilikuwa chema. Barabara za jiji letu zimeona ushujaa, na pia zimeona magenge yaliyowatoza madereva kwa mapanga, wanawake waliovuliwa nguo vituoni, na vijana waliopotelea katika ulevi. Hayo nayo yasimuliwe, tena yasimuliwe na waliotendewa pamoja na waliotenda. Historia inayochagua mashujaa tu ni ndugu ya ile historia ya kukata utepe tunayoilalamikia.

Nije sasa kwenye suala la lugha, ambalo ndilo kiini cha makala hii. Watafiti wengi huhoji kwa Kikuyu, kwa Kikamba, kwa Kiswahili au kwa Sheng, kisha wakachapisha kwa Kiingereza peke yake. Kanda ya sauti hubaki mtoni mwa kabati fulani hadi ikaharibika. Msimulizi akiletewa kitabu, hawezi kujisoma. Njia bora imekwisha kuonyeshwa hapa hapa Kenya. Sarah Mirza na Margaret Strobel walinakili maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, wakayachapisha kwa Kiingereza mwaka 1989, na mwaka 1991 wakayatoa kwa Kiswahili chao wenyewe katika kitabu Wanawake Watatu wa Kiswahili. Humo msomaji anamsikia mwanamke akieleza habari za vyama vya ngoma ya lelemama na mashindano yao, kwa lahaja yake, kwa vituo vyake, kwa kuapa kwake na kucheka kwake. Mwanafunzi wa lugha anaweza kukirudia kitabu hicho mara kumi, na kila mara akakuta jambo ambalo tafsiri isingelichukua. Yule bibi wa Pumwani aliyesema wazi-wazi, na yule muuzaji wa mboga aliyesema jirongo, walitupa maneno ambayo tafsiri ingeyaua. Tukiyasawazisha yawe Kiswahili sanifu nayo tutakuwa tumeyaua, japo kwa upole zaidi.

Basi ni nani afanye kazi hii? Vyuo vikuu vina sehemu yao, lakini havitoshi. Jeshi lenyewe limo shuleni. Katika somo la fasihi simulizi tumekuwa tukiwafundisha wanafunzi mbinu za kazi ya nyanjani: mahojiano, hojaji, kushuhudia, kutumia kinasa sauti. Wanazijua mbinu hizo kwa kukariri, na mtihani ukija wanazitaja moja baada ya nyingine. Lakini tunapowatuma nyanjani, twawaagiza watuletee vitendawili, ngano za sungura na fisi, na nyimbo za tohara. Ni mambo mema, nami nayathamini. Ila tunamfanya mzee aonekane kana kwamba hakuwahi kuishi mjini, hakuwahi kupanda matatu, hakuwahi kugoma kiwandani wala kununua kanda iliyokatazwa. Tunamwomba habari za babu yake, na yeye mwenyewe tunamruka. Mtaala mpya wa umilisi umeweka nafasi ya mradi wa huduma kwa jamii. Mwalimu mwenye ari anaweza kuitumia nafasi hiyo bila kungoja waraka kutoka wizarani.

Napendekeza jambo dogo linalowezekana. Shule ichague mtaa mmoja, au kituo kimoja cha matatu, au kiwanda kimoja. Wanafunzi waende wawili wawili kwa wazee watano. Wawaamkie kama ilivyo desturi, wamwite cucu au guka yule apendaye kuitwa hivyo, na wasiingie na orodha ya maswali 50 kama makarani wa sensa. Waulize kwanza maneno: mahali hapa mlipaitaje? Noti hii mliiita nani? Polisi mlimwitaje alipokuja? Neno likishatajwa, kisa hulifuata chenyewe, kwa kuwa hakuna aliyebuni neno bila sababu. Simu ya mkononi inatosha kunasa sauti. Kisha mahojiano yanakiliwe neno kwa neno, bila kusahihishwa, pamoja na kusita kwake na mchanganyiko wake wa lugha, na juu yake iandikwe tarehe, mahali na umri wa msimulizi. Maelezo ya maneno magumu yawekwe pembeni. Nakala moja ibaki maktaba ya shule, nyingine ipelekwe maktaba ya umma, na ya tatu, iliyo muhimu kuliko zote, arudishiwe msimulizi na jamaa yake.

Lipo onyo moja. Masimulizi ni mali ya mtu. Wapo wazee walioficha mambo kwa miaka 40 ili kuwalinda watoto wao, na wapo waliopitia mateso ya vyumba vya chini vya Nyayo House ambao kumbukumbu zao si za kuguswa na mwanafunzi wa miaka 16. Msimulizi aelezwe kwa lugha aijuayo sauti yake itatumiwaje, aombwe idhini, na akitaka jina lake lifichwe, lifichwe. Akisema 'zima hiyo simu', izimwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatudai hivyo, na hata isingekuwako, adabu ingetudai. Mwalimu asome kila kilicholetwa kabla ya kukiweka rafuni, maana kisa cha mtu kinaweza kumtaja jirani ambaye hakuulizwa.

Katiba yetu ya mwaka 2010 inautaja utamaduni kuwa msingi wa taifa, na katika ibara ya 7 inaiagiza dola iendeleze na kulinda lugha mbalimbali za wananchi. Maneno hayo ni mazuri, lakini katiba haina masikio. Masikio tunayo sisi. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake mwezi Mei 2013, ilipokea taarifa zaidi ya 40,000 kutoka kwa wananchi. Wakenya hao walithibitisha kwamba watu wetu wako tayari kusema pindi wanapoulizwa. Walikuwa wameulizwa kuhusu machungu, kama ilivyopasa. Bado hawajaulizwa kwa kiasi hicho kuhusu nyimbo zao, vicheko vyao na ubunifu uliowawezesha kuishi katika jiji lisilowataka.

Wahenga walinena kwamba jungu kuu halikosi ukoko. Majungu hayo yamo katika nyumba zetu za Ngoingwa, Makongeni, Ruiru na Eastlands, na kila mwezi tunahudhuria mazishi ambapo wasifu wa marehemu husomwa kwa dakika tano: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alistaafu. Mwalimu mwenzangu, muhula ujao chagua mtaa mmoja. Nawe mwanafunzi, usimngoje mwalimu. Jumapili hii, chakula kikishaliwa, mwulize babu au bibi yako noti ile waliiita nani na kwa nini. Kisha nyamaza, umsikilize.